Sitini Kwenye Mstari

Kisugu, Kampala
3 Machi 2024

Kwa binti yangu Adoch,

Asalaam aleikum. Najua utajibu kwa ishara ya msalaba, nayo naipokea. Hapa sote wazima. Mama yako Mkubwa Maimunah ni mzima, na ulimi wake ni mzima kuliko yeye. Mimi pia sijambo, ila masikio yamestaafu, nayo siyalaumu: miaka thelathini ya kufokewa na maafande inatosha. Ndiyo sababu nakuandikia. Ile simu uliyoniachia huvuma sikioni kama nyuki ndani ya kopo. Barua hii anakuletea Sifuna, dereva wa basi la Bukoba. Mpe chai, anaendesha vibaya akiwa na njaa.

Habari za huko? Wanakulisha? Daktari wako Tresor, yule Mkongo anayekusimamia chuoni, alisema utakaa miezi minane kwenye kituo chao cha utafiti. Miezi minane kutazama kahawa! Bibi yangu Mnubi aliikaanga, akaitwanga na tangawizi, akaimimina, na hakuwa na cheti cha mtu yeyote.

Askari wako hawajambo. Nyuma ya nyumba, chini ya ule wavu mweusi, wamesimama mistari sita, kumi kumi, kila mche na kavera lake, ule mfuko wa plastiki wenye udongo, na kibati chake cha namba. Ulipokuwa unapanda basi uliniambia neno moja tu: "Baba Mkubwa, nitunzie." Kwa mtu aliyeshika funguo za stoo ya polisi miaka ishirini na miwili, hilo si ombi, ni amri. Asubuhi maji, jioni hesabu. Kuku wa jirani aliingia mara moja. Hataingia tena, na mchuzi wake ulikuwa mzuri.

Sitini, kamili.

Baba yako Mkubwa,
Sajini Nasur (mstaafu)


Bukoba
27 Machi 2024

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wewe na Mama Mkubwa katika afya njema. Mimi sijambo, ila baridi ya asubuhi. Sifuna amekunywa chai vikombe vitatu.

Watu hapa ni wakarimu. Ukiingia nyumbani kwa mtu unapewa kahawa iliyokaushwa uitafune, si ya kunywa. Lakini Kiswahili changu wanakicheka. Wanasema nikiomba chumvi ni kama namkamata mtu. Nikawaambia nimezaliwa kambi ya polisi, baba Mwacholi, jirani Mnubi, na hiyo ndiyo lugha tuliyokutania. Sasa wananiita Afande.

Umeuliza kwa dharau ninatazama nini kwenye kahawa. Natazama mnyauko. Ni kuvu inayoingia kwenye mbuni kupitia jeraha au mizizi, ikaziba mishipa yake ya maji. Mti unakufa kiu huku umesimama kwenye udongo uliolowa. Jana tulikwenda kwa mzee mmoja aliyekuwa na mibuni mia nne. Umebaki mmoja. Ugonjwa ulipita kulia na kushoto kwake ukauacha. Sisi tunautafuta mti kama huo, tunakata vijiti vyake, tunavipanda, kisha tunauliza: je, na watoto wake wana moyo ule ule? Wakiwa nao, mkulima atapata mche wa kumwamini.

Miche yako hapo Kisugu ni swali hilo hilo. Mstari wa mbele, namba 1 hadi 10, ni kahawa ya kawaida. Hamsini iliyobaki ni watoto wa miti mitano ya kwetu iliyonusurika. Daktari Tresor amesafiri hadi Juni, kwa hiyo macho yangu ni wewe. Mche ukigeuka manjano au ukifa, niandikie namba na tarehe. Usinifiche.

Binti yako,
Adoch


Kisugu
2 Mei 2024

Binti yangu Adoch, Afande wa Wahaya,

Salamu nyingi kama majani ya hao askari wako. Sisi wazima. Mvua imenyesha mpaka Maimunah ameacha kulalamika juu ya vumbi na kuanza kulalamika juu ya tope, na mabadiliko ni afya.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, nikawasomea askari pale unaposifu uhodari wao. Unaniuliza waliokufa kama muuza majeneza. Ya nini wafe? Wananyweshwa na sajini. Nimezunguka leo nikiwa na miwani na fimbo: hakuna wa manjano, hakuna aliyelala. Na huo mstari wa mbele unaouita wa kawaida, hakuna unaong'aa kama huo. Ungeweza kujitazama usoni kwenye majani yao.

Sitini, kamili. Waambie wakubwa wako.

Nimekuwa na safari za soko la Kalerwe siku hizi. Ni mambo ya nyumbani tu, yasikushughulishe.

Baba yako Mkubwa,
Nasur


Kisugu
10 Juni 2024

Binti yangu,

Hujajibu, na Sifuna anasema uko mashambani ndani kabisa. Hujambo lakini? Sisi tunavuta siku.

Nina habari. Daktari Tresor amerudi, na Jumamosi alikuja kukagua. Nilifagia, nikapaka chokaa mawe ya ukingoni, nikavaa koti la kustaafia. Nikawanyoosha askari kwa kamba, wasizidiane hata kidole. Mkongo akaingia na daftari lake akitabasamu. Akapita mstari wa kwanza, akarudi mwanzo, akaupita tena. Hapo tabasamu likamtoka. Uso wake ukawa wa mtu aliyealikwa arusini akakuta matanga.

Aliponiuliza wangapi wamekufa tangu Februari, nilisoma swali mdomoni mwake, nikamwambia hakuna hata mmoja. Akaketi juu ya ndoo. Nikadhani ni furaha, maana furaha nayo huwaangusha wengine. Lakini aliandika mstari mmoja, akafunga daftari, akaondoka bila kunywa kahawa ya Maimunah, na kahawa ile hata wenye chuki naye huinywa.

Nimekagua na kukaguliwa maisha yangu yote. Sijaona mkubwa anayekuta gwaride limetimia akaondoka kama amefiwa. Nieleze huyo mtu ana shida gani.

Baba yako Mkubwa,
Nasur


Bukoba
24 Juni 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini ninyi hamjambo. Mimi si mzima wala si mgonjwa.

Daktari Tresor ameniandikia. Kazi yangu imeharibika. Kamati ya chuo inakaa tarehe ishirini na tisa Julai, na yeye hana la kunitetea. Nafasi yangu atapewa mwingine, na miche itupwe.

Kuna jambo nilikuficha, na sasa halina maana tena kulificha. Ile miche niliitia ugonjwa mimi mwenyewe. Siku mbili kabla ya safari, wewe ukiwa msikitini, nilipiga kila shina chale ndogo kwa wembe, chini kabisa karibu na udongo, nikadondoshea maji yenye kuvu. Ndiyo maana niliileta kwako baada ya upepo kung'oa paa la nyumba ya miche chuoni: Kisugu hakuna mashamba ya kahawa ya kuambukizwa. Sikukuambia. Nilijua utanicheka, kisha utawasimulia msikiti mzima kwamba binti wa Saverio amesomeshwa miaka yote hiyo ili awape mimea sumu.

Ule mstari wa mbele ulikuwa lazima ufe, Baba Mkubwa. Kahawa ya kawaida haina kinga. Ikifa, tunajua kuvu ilifanya kazi, na hapo mche uliosimama nyuma yake una maana. Ikiishi yote kumi, maana yake ni moja tu: mkono wangu ulikosea, kuvu yangu ilikuwa imekufa, na miezi mitano nimekuwa nikikunyweshesha bustani ya mapambo.

Nimekumbuka kila hatua ya siku ile na sioni nilikosea wapi. Hilo ndilo linaniumiza. Kama sijui kosa langu, basi pengine kazi hii si yangu.

Asante kwa kuitunza vizuri. Si kosa lako kwamba haikufa.

Binti yako,
Adoch


Kisugu
2 Julai 2024

Adoch, binti yangu,

Sifuna nimemwambia akuletee barua hii mkononi hata ukiwa porini.

Hukukosea. Walikufa. Thelathini na mmoja.

Wa kwanza alikuwa namba 4, katikati ya Machi, kabla hata barua yako haijafika. Nilimkuta ameinamisha majani kama kuruta aliyeshikwa na usingizi. Nikamwongezea maji. Kesho yake akainama zaidi, wiki haikwisha akawa mweusi. Nikajiuliza nimefanya nini. Mtoto ameniambia neno moja, nitunzie, na mimi nimeua. Ulipoandika kwamba mimi ndiye macho yako, walikuwa wamekufa watano, na nikaona aibu kubwa kuliko koti langu.

Nilifanya kile ninachojua. Unakumbuka baba yako alivyopenda kusimulia ule ukaguzi wa mkubwa kutoka makao makuu? Wanane hawakuwepo, wamelala kwa ulevi wa waragi wao. Mimi na Saverio tukafungua stoo, tukatoa sare, tukawavika wapishi saba na kinyozi. Mkubwa akapita, akasimama mbele ya kinyozi, akamsifu kwa unadhifu. Kambini mtu akikosekana huandiki amekosekana. Unajaza. Atarudi, ataadhibiwa kimya kimya, na mstari hautaonekana na pengo. Saverio ndiye aliyebuni mchezo ule, lakini mimi ndiye niliyeishi nao.

Basi nikaenda Kalerwe. Kuna mama anauza miche pembeni mwa barabara, baada ya soko. Nikachagua wa kimo kile kile, nikaja, nikamfunga kibati cha marehemu. Wiki iliyofuata nikarudi. Yule mama alidhani nina shamba. Mstari wa mbele nilijaza wote kumi, ndiyo maana waling'aa hivyo: walikuwa wageni. Nyuma nikajaza ishirini na mmoja. Maiti zao Maimunah aliwashia jiko.

Nilipoisoma barua yako niliketi. Kisha nikavaa koti nikaenda Kyambogo nyumbani kwa Daktari Tresor, na kwa kuwa sisikii, nikamchukua Maimunah awe masikio yangu. Hilo lilikuwa kosa jingine. Kila alichosema yule bwana kwa sauti ya kanisani, Maimunah alikirudia sikioni mwangu kwa sauti ya mnada, na majirani wakatoka nje na viti vyao.

"Anauliza wangapi!"

"Mwambie thelathini na mmoja."

Daktari akainuka. Nikadhani ataita polisi, nami nikaona haya kwamba watakuja vijana wasionijua. Kisha akasogea, akasema polepole ili nisome midomo yake mwenyewe: "Mzee, hao thelathini na mmoja ndio waliokuwa kazi yake."

Adoch, nimepigwa na nimetukanwa, lakini hilo neno limekaa mahali.

Akaja nasi hadi Kisugu siku ile ile. Akapiga magoti na kioo cha kukuzia, akafukua udongo kwenye shina moja moja akitafuta chale yako. Ishirini na tisa wanayo. Thelathini na mmoja hawana. Mstari wa mbele hakuna hata mmoja mwenye chale. Akaniambia mkono wako ulikuwa sawasawa, na kuvu yako ilikuwa hai. Lakini hana tarehe zao, na hana mizoga ya kupasua aone kama ni kuvu iliyowaua au ni maji yangu. Majivu hayapasuliwi. Ataiomba kamati uachiwe nafasi yako, na kazi ianze upya.

Nimemwambia aandike kwamba kosa ni la Nasur, wala si la mtoto. Nimetia sahihi.

Baba yako Mkubwa,
Nasur


Bukoba
2 Agosti 2024

Baba Mkubwa,

Leo sina salamu.

Kamati imeniachia nafasi. Nimepoteza mwaka. Mwaka si kitu, nitaurudia. Nami nina kosa langu: ningekuambia ukweli Februari, ungenitukana na ungehesabu maiti vizuri kuliko mtu yeyote. Hilo nalikubali.

Lakini nilipofika pale uliposema "unajaza", niliiweka barua mezani nikatoka nje. Nilikuwa nimeshaona mkono huo ukijaza pengo jingine.

Mwaka wa mtihani wangu wa mwisho, nikiwa bweni Masaka, baba alikuwa akiniandikia kila mwezi. Yaani yeye akisema, wewe ukiandika, maana mkono wake haukuzoea kalamu. Aliugua, ukaandika kwamba ni mafua. Kisha barua zikaendelea kuja. Ya Oktoba ilinichekesha hadi matroni akaninyang'anya. Ya Novemba iliniambia, "Fanya mtihani kama binti wa polisi." Mwandiko ni ule ule, mzaha ni ule ule. Nilimaliza mtihani, nikapanda basi, nikafika kambini nimemnunulia soksi. Mlikuwa mmeshamzika kwao Kitgum tangu Septemba.

Niliambiwa ulifanya kwa mapenzi. Nilifaulu, kwa hiyo kila mtu akasema ulifanya vyema, nami nikasema hivyo hivyo. Nisingeweza kukulaumu, maana ni wewe uliyenilipia shule baada yake, ni wewe uliyenipeleka chuo.

Miaka kumi na miwili sasa. Sijui alikufa siku gani ya wiki. Sijui nani alikuwa kando yake. Sijui kama aliniuliza. Kila nikikuuliza unanipa kisa cha kinyozi.

Ninazurura huku nikiwauliza wazee miti yao ilikufaje, tawi lipi lilitangulia, ilichukua siku ngapi. Wananijibu. Wanakumbuka kila kitu. Halafu narudi chumbani, na kifo pekee ninachotaka kukijua sina wa kuniambia.

Adoch


Kisugu
20 Oktoba 2024

Adoch,

Nimekuandikia mara nne nikachana. Maimunah anasema karatasi zangu zinawaka vizuri kuliko miche.

Sitaanza na "sisi wazima". Sikio la kushoto limekufa kabisa. Mguu wa kulia unavimba, na daktari wa zahanati amesema ni moyo unaosukuma maji vibaya. Nanywa vidonge. Maimunah ni mzima kweli, analia tu kidogo akidhani simwoni. Hiyo ndiyo hali.

Miche mipya sitini Daktari Tresor aliileta tarehe kumi na mbili Agosti, akasema ulipita chuoni siku mbili ukarudi. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi yako, maneno manne, bila jina langu wala lako: "Nimeitia ugonjwa. Itakufa. Andika." Nimenunua daftari.

Namba 8, mstari wa mbele. Tarehe 24 Septemba jani la chini limeanza manjano. Tarehe 27 majani manne yamening'inia. Tarehe 2 Oktoba amekauka. Sikumwongezea maji. Nilisimama mbele yake na kopo, nikarudi ndani.

Namba 3, tarehe 5 Oktoba. Namba 1 na namba 10, siku moja, tarehe 9. Namba 33, mtoto wa mti wa tatu, tarehe 14. Huyu sikumtarajia. Kila mmoja namwacha asimame kwenye kavera lake, amekufa, na kibati chake, mpaka Daktari aje. Daktari anakuja kila Jumatatu anawachukua akawapasue. Pengo linabaki pengo. Wageni wakija wanauliza kwa nini sajini ameacha mstari uoze, nawaambia ndiyo kazi yenyewe. Hawaelewi. Mimi mwenyewe naelewa siku nyingine, siku nyingine napeleka kiti upande wa pili wa nyumba.

Sasa ile nyingine. Naiandika kama daftari, maana nikiiandika kama mimi nitakuletea kinyozi.

Saverio alilazwa tarehe 2 Septemba 2012, siku ya Jumapili. Hayakuwa mafua, yalikuwa maini. Tarehe 6 macho yaligeuka manjano. Tarehe 9 aliuliza kama barua yako imefika, nikamsomea. Alitaka nirudie pale uliposema chakula cha shule kina mawe. Tarehe 11 aliuliza tena, nikasoma tena. Tarehe 13 alisema, "Usimwambie mpaka amalize mtihani." Hilo alilisema yeye, na mimi nimekuwa nikijificha nyuma yake. Lakini hakusema niandike kwa jina lake. Hilo nililiongeza mimi. Barua ya Oktoba niliiandika nikicheka, maana nilipokuwa naandika alikuwepo. Niliandika na ya Desemba, hukuihitaji. Ninayo.

Tarehe 16 hakuuliza kitu. Tarehe 18 alinishika kifundo cha mkono akaniita kwa jina la kaka yake.

Alikufa Jumatano, tarehe 19, saa nne asubuhi. Watu wote nimewaambia nilikuwa nimemshika mkono. Padri aliyasema maneno hayo kaburini, nami nikaitikia kwa kichwa. Sikuwepo, Adoch. Nesi alisema anaweza kunywa maziwa, nikatoka nje ya geti kuyatafuta, nikakutana na mtu wa kambini, nikasimama kupiga soga. Niliporudi kitanda kilikuwa kimefunikwa. Nilikuwa na chupa ya maziwa mkononi na bado nilikuwa nacheka kisa cha yule mtu.

Hakukuwa na mtu kando yake.

Baba yako Mkubwa,
Nasur